Uzito wa Nahimba

Abdereheman Chitanda aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine. Hayakuwapo. Akamrudishia mgeni wake.

"Nisomee wewe, binti. Huenda macho yangu yamekosea."

Siwema Nanguka alijua macho ya mzee hayakukosea. Bahasha za matamko ya vifo zilifunguliwa mbele ya wafiwa tu, hivyo asubuhi hiyo ndiyo kwanza naye ayaone yaliyomo. Alikuwa ameshafungua tatu katika nyumba tatu za kijiji kile. Ya kwanza ilimshtua. Alipofungua ya tatu alitamani asingekuja Nahimba kabisa.

"Asumini binti Mkwanda," alisoma. "Miaka arobaini na tisa. Mzaliwa na mkazi wa Nahimba. Sababu ya kifo: sumu ya kuulia wadudu. Namna ya kifo..." Akasita. "Kujiua."

Chitanda aliegemea ukuta wa baraza. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu anayefagia, na ufagio nao ukanyamaza.

"Mke wangu alikuwa mpika chai pale kituo cha korosho," alisema mzee polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Saa nne akachemsha chai kama siku zote. Akawamiminia watu, naye akanywa. Watu sita wakafa. Fakihi naye amejiua?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

"Na Mwanaidi?"

"Ndiyo."

"Na yule mtoto wa Mchopa, aliyekuwa aoe mwezi huu?"

Siwema aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo wote wanne walikubaliana wajiue kazini, saa nne asubuhi, vikombe mkononi. Haya. Na yule injinia, Bwana Sodha? Na dereva wake, Shayo? Nao walikuwa kwenye makubaliano?"

"Wale walichukuliwa kwa ndege wakafia mji mkuu. Majalada yao yako huko. Mimi sijayaona."

Mzee alinyoosha mkono kuelekea bondeni. Tangi la kituo lilionekana waziwazi, jeupe juu ya miguu yake ya chuma, na chini yake wanawake watano wenye ndoo. "Unaliona? Ni lile lile alilotekea maji ya chai. Tuliomba maji yapimwe. Tukaambiwa waliojiua hawapimiwi maji. Na Tausi wangu yuko mwaka wa pili uuguzi. Unajua kadi yake itawekwa nini?"

Siwema alijua. Sheria ya kadi za afya ilitia alama kwa mtoto wa kila aliyejiua. Mwenye alama hakuruhusiwa kushika dawa, wala silaha, wala usukani wa gari la abiria.

"Wiki tatu zilizopita ulikaa hapo hapo ulipokaa," Chitanda aliendelea. "Ukaniamkia kwa lugha yetu. Ukanishika mkono nikalia. Ukaniuliza kama mke wangu alikuwa na huzuni, nikakwambia yote, hata yale ambayo sijamwambia ndugu yangu wa tumbo moja. Uliniapia kwamba hakuna binadamu atakayenisikia."

"Na hajasikia mtu, baba. Ni Shahidi peke yake."

"Basi nenda kamuulize huyo Shahidi wako alisikia nini."

* * *

Shahidi alikuwa mashine, na jina hilo alipewa na watu. Kwa miaka kumi na miwili Shirikisho zima halikuwa na daktari wa kupasua maiti. Muuguzi wa zahanati alichoma sindano moja kwenye ini la marehemu, na kabla maji ya kuoshea mwili hayajapata moto, Shahidi alikuwa ameshajua ni sumu gani, kiasi gani, na iliingia mwilini saa ngapi. Katika hilo hakuwahi kukosea. Lakini ini haliwezi kusema nani alishika kikombe, wala kwa nia gani. Ndiyo maana waliajiriwa wahoji kama Siwema, wa kukaa na wafiwa na kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati. Kinasa kilimpelekea Shahidi sauti, yeye akalinganisha sauti na damu, akatamka: ajali, kujiua, au kifo cha kuchunguzwa.

Siwema alifika Makao Makuu ya Matamko asubuhi ya Jumatatu na kwenda moja kwa moja chumba cha mazoezi, walikofundishiwa wahoji wapya. Mle Shahidi aliweza kupewa majalada ya majaribio bila tamko lake kuwa na nguvu ya sheria. Mhoji mwandamizi aliruhusiwa pia kusoma matamko yaliyokwisha kutolewa. Akatafuta Sodha. Akatafuta Shayo. Akayapanga majalada yote sita kwenye kioo.

Sumu ilikuwa moja, dawa ya kupulizia mikorosho. Saa nayo ilikuwa ile ile, saa nne. Kiasi kilitofautiana kama vikombe vya chai vinavyotofautiana.

Injinia Pravin Sodha, mwenye asili ya Kihindi: kifo cha kuchunguzwa. Wachunguzi walitumwa siku ya tatu, wakabadilisha mabomba yote ya nyumba ya wageni alikolala. Kelvin Shayo, dereva, mkazi wa mji mkuu: ajali. Wanne wa Nahimba: kujiua, kujiua, kujiua, kujiua. Hakuna jalada lililotaja jingine, kwa kuwa kila mkoa ulikuwa na kabati lake, na hata ndani ya kabati moja Shahidi alisoma jalada moja kwa wakati.

Alinakili jalada la Asumini na kulitia kwenye majaribio kama lilivyo. Kujiua. Akabadilisha mstari mmoja tu. Palipoandikwa Nahimba akaweka mji mkuu. Sauti ya mumewe ilikuwa ile ile, damu ile ile.

Ajali.

Kisha akairudisha Nahimba mahali pake, akabadilisha safu ya asili, akampa Asumini jina la ukoo wa Kihindi na kuacha mengine yote.

Kifo cha kuchunguzwa.

Alirudia mara tisa, kwa sababu alitaka sana awe amekosea. Mara ya kumi akaomba kuonyeshwa njia ya hesabu, na Shahidi, ambaye hakuwa na haya wala hila, akamwonyesha. Kabla hajaonja damu na kabla hajasikia sauti, alianza na namba iliyoitwa uzito wa mwanzo. Ilikuwa dhana kuhusu mtu, iliyopangwa kabla ya kifo chake. Kwa aliyekufa kwa sumu mji mkuu, uzito wa kujiua ulikuwa tisa katika mia. Kwa Nahimba na wilaya zake, sabini na moja. Namba hizo zilitolewa kwenye madaftari ya zamani ya vituo vya polisi, ya siku ambazo askari wa kusini hawakuwa na gari la kufikia maiti, wakiandika "amekunywa sumu mwenyewe" na kufunga daftari.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Neno "huzuni", au lolote la kufanana nalo, likitoka kwa mfiwa wa mji mkuu lilihesabiwa kuwa ni maneno ya msiba na kuachwa. Likitoka Nahimba liliongeza uzito. Likitoka Nahimba kwa lugha ya kwao, liliongeza mara mbili.

Kwa miaka saba Siwema alikuwa akisifiwa kwa jambo moja: watu wa kwao walimfungukia. Aliwauliza taratibu, kwa lugha waliyonyonya, kama marehemu alikuwa na huzuni. Nao walisema ndiyo. Nani angesema hapana, katika nchi ya kazi ngumu na mvua za kubahatisha?

Mwisho wa ukurasa palikuwa na jina la aliyepanga uzito huo. Dokta Hasanati Mpelembe.

* * *

Dokta Hasanati alikuwa amefungua chakula chake cha mchana mezani, wali na kisamvu cha nazi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa kijiji cha pili kutoka Nahimba. Ndiye aliyemchukua Siwema akiwa na miaka kumi na saba, akamlaza nyumbani kwake miaka minne, na kumfundisha kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti tule."

Siwema aliweka karatasi ya hesabu kando ya sahani. Dokta Hasanati aliitazama bila kuigusa. Akamaliza tonge lililokuwa mdomoni, akanawa mikono na kuifuta kidole kwa kidole.

"Nilikuwa najiuliza utachukua muda gani kufika hapa," alisema. "Nilidhani miaka mitatu. Ulituamini sana."

"Nilikuamini wewe, mama."

"Kaa chini. Mwaka wa kwanza Shahidi hakuwa na uzito wowote. Alikuwa mkweli kama maji ya mvua. Kila aliyekufa kwa sumu kusini, Shahidi alitaka kifo chake kichunguzwe. Wachunguzi walikuwa kumi na wawili kwa Shirikisho zima, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwenda kusini. Maiti zikalala kwenye majokofu miezi mitano, sita. Mama yangu mwenyewe alikuwa mmojawapo. Nilikwenda kumwomba mlinzi wa chumba cha maiti anionyeshe uso wake. Kifo cha kujiua ndicho pekee kisichohitaji mchunguzi. Nikaona, heri watu wazike."

"Ukawaandika wauaji wa nafsi zao."

"Nikawarudishia wafiwa maiti zao! Nilipanga iwe kwa mwaka mmoja, hadi wachunguzi waongezwe. Wakubwa walipoona vifo vya kusini vinajifunga vyenyewe, nani tena angeongeza wachunguzi? Na nani angeigusa safu ya asili, wakati mtu mwenye asili ya nje akifa balozi wake hupiga simu siku hiyo hiyo?"

"Na swali la huzuni?"

Kwa mara ya kwanza Dokta Hasanati alitazama pembeni. "Bila maneno ya mfiwa, uzito ulikuwa unabaki katikati, jalada halifungi. Alihitajika mtu ambaye wangemwambia."

"Mimi."

"Ulikuwa na kipaji. Nilikuona shuleni kwenu, siku ya msiba wa mwalimu wenu, unavyowabembeleza wenzako. Nikasema, huyu watamwambia."

Siwema alikuwa amejiandaa kwa uongo, hata kwa matusi. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Siku ile ya msiba ndiyo aliyoihesabu kuwa mwanzo wa bahati yake.

"Tangi lile bado wanateka maji," alisema. "Nimeyaona mwenyewe pale kituoni, bomba la dawa na bomba la maji yanakutana. Dawa inarudi kila pampu inapozimwa. Watakufa wengine."

"Tangi si kazi ya idara hii." Dokta Hasanati aliisukuma karatasi kumrudishia. "Nisikilize. Jalada la yule mpika chai naweza kulisahihisha. Nitasema ni kosa la uandishi, liwe ajali, binti yake amalize uuguzi. Wewe utaweka sahihi kwamba mengine uliyahakiki na yako sawa. Moja ninaweza. Manne yataleta maswali. Nakupa hadi Ijumaa."

"Na nikiipeleka hesabu hii Tume ya Malalamiko?"

"Watasema ni mchezo wa chumba cha mazoezi. Tume haipokei hesabu tupu, mwanangu, inataka sauti za wafiwa zisikike na binadamu. Sauti ulizoapa mwenyewe kwamba hazitasikika. Utawasaliti ili uwatetee?"

Siwema alisimama. Alitaka kusema neno la kumwumiza mwanamke yule, lakini miaka minne ya kulala nyumbani kwake ilimzuia. Akatoka bila kuaga.

* * *

Alipanda treni ya kusini Jumanne, na Jumatano alikuwa kwenye baraza la Chitanda na watu wa misiba yote minne. Alikuja mjane wa Fakihi, mama yake Mwanaidi, na Mzee Mchopa, baba wa yule kijana. Tausi alikaa mlangoni, kanga imemfunika hadi kidevuni.

Siwema aliwaeleza yote kuhusu Shahidi: namba, makabati, neno la huzuni. Hakujificha. "Nilikuja kwenu kama mtoto wa nyumbani," alisema, "na kila mliloniambia ndilo lililowafunga. Sikujua, lakini ni mimi niliyeuliza."

Mama yake Mwanaidi alitema mate chini, mbali kidogo na miguu ya Siwema. "Nilisema mwanangu alikuwa akilia usiku," alisema. "Jino lilikuwa linamuuma. Uliniuliza kama alikuwa akilia, hukuniuliza kwa nini."

Siwema akaendelea kwa shida, akawaeleza kuhusu Tume na sharti lake. Jambo moja tu hakulitaja. Kuhusu jalada la Asumini na sahihi iliyokuwa ikingojewa Ijumaa, alinyamaza. Alijiambia si wakati wake. Ukweli ni kwamba alimtazama Tausi pale mlangoni, akaogopa kwamba Chitanda angesema: ikubali. Na angesema hivyo kwa haki, na wale watatu wangebaki walivyo, na ndoo zingeendelea kujazwa pale bondeni.

Mjane wa Fakihi alikubali kwanza. Mzee Mchopa akafuata. Mama yake Mwanaidi alikubali mwisho, kwa sharti kwamba asimamishwe mwenyewe mbele ya Tume aeleze habari ya jino.

"Mimi hapana," alisema Chitanda.

Wote wakamgeukia.

"Unajua nilichosema mle," alimwambia Siwema. "Kwamba jioni ya kuamkia siku ile tuligombana. Kwamba nilimwambia arudi kwao. Na yeye ndiye aliyechemsha chai. Wakubwa wakisikia hayo, hawatasema tena kwamba amejiua. Watasema amewaua wale watano. Mhindi ndani yake, na mtu wa mji mkuu. Hapo ndipo watamtafuta mwenye makosa, na watakuwa wamempata."

Siwema alifungua mdomo amwambie haiwezekani, akakumbuka jinsi Shahidi alivyobadilisha neno kwa mstari mmoja. Akaufunga.

"Futa," alisema mzee. "Hapa, nikikuona."

Nakala ya Shahidi ilikuwa imeshageuzwa kuwa namba tupu, sauti yenyewe ilibaki kwenye kinasa cha mhoji tu. Sauti ile ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, kwani ndani yake Chitanda alieleza pia kwamba wiki nzima kabla ya kifo mkewe alikuwa akilalamika maji ya tangi yananuka dawa. Siwema alikitoa kifungo chake, akakishika kiganjani kwa muda ulioonekana mrefu kwa kila mtu. Kisha akafuta, akampa mzee akisikilize kuhakikisha. Kilikuwa kimya.

Ijumaa ilipita bila sahihi yake.

* * *

Tume ilikaa wiki saba. Dokta Hasanati aliitwa, akasema chini ya kiapo kwamba Siwema Nanguka alikuwa mhoji mzuri aliyechanganyikiwa na misiba, na kwamba binafsi alikuwa amemshauri apumzike. Alisema hayo kwa upole, akimwita "binti yangu" mbele ya watu. Siwema alifukuzwa kazi kwa kuvunja kiapo cha usiri siku hiyo hiyo.

Lakini mama yake Mwanaidi alieleza habari ya jino, na mjumbe mmoja akaomba maji ya tangi yapimwe kabla mikutano haijaendelea. Yakapimwa. Tangi likabomolewa, bomba likatenganishwa, kituo kikaletewa maji ya kisima kingine. Fakihi, Mwanaidi na kijana wa Mchopa wakaandikwa upya: vifo vya ajali kazini. Uzito wa mwanzo wa Nahimba ukashushwa hadi arobaini. Hakuna aliyeeleza kwa nini arobaini. Safu ya asili haikuguswa. Jalada la Asumini, lisilo na sauti ya mfiwa, lilibaki lilivyo.

Siwema aliporudi Nahimba alimkuta Chitanda barazani akibangua korosho. Tausi alikuwa amerudi nyumbani mwezi uliopita. Chuo kilimwandikia barua fupi kuhusu alama ya kadi.

Walisalimiana. Mzee alimpa kigoda, akamshukuru kwa habari ya tangi, akauliza kama amepata kazi nyingine. Siwema alijibu. Kisha, kwa kuwa alijua asingeweza kula hata punje moja ya korosho iliyowekwa mbele yake kabla hajasema, akasema.

"Baba, jalada la mama Asumini lingeweza kurekebishwa. Niliahidiwa, hilo moja, kama ningeweka sahihi kwamba ya wenzake yako sawa. Nilikuwa na ahadi hiyo mkononi siku ile tulipokaa hapa wote. Sikukwambia."

Mikono ya Chitanda ilisimama.

"Niliogopa ungekubali," alisema Siwema.

Mzee alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. "Huenda ningekubali," alisema. "Huenda ningekataa. Mchopa ni rafiki yangu tangu jando. Hukuniuliza. Ulikaa hapo ukiwa na namba yako juu yangu, kama hiyo mashine."

Siwema aliisogeza kando korosho iliyokuwa mbele yake.

"Mimi nimeshazeeka, naweza kuyameza. Si mimi uliyemchagulia." Chitanda aligeukia mlango. "Tausi! Hebu njoo hapa, mama."

Msichana alitoka uani akijifuta maji mikononi. Alipomwona Siwema akaamkia, kama alivyolelewa.

"Kaa," baba yake alimwambia. "Huyu dada yako ana jambo la kukueleza. Usimkatize hadi amalize."

Tausi alikaa chini kwenye mkeka, magoti yake yakikaribia kugusa ya mgeni, akamtazama usoni akisubiri. Siwema akavuta pumzi, akaanza kumwambia.